Aliyeulizwa Mara Moja

9 Februari 1986

Mpwa wangu Kijiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, kazini na nyumbani. Miwani uliyotuma imefika bila mkwaruzo. Naivaa tangu asubuhi, na gazeti sasa nalisoma nikiwa nimekunja mkono kama watu wengine. Mkazamjomba wako anasema afadhali ile ya zamani, maana tangu nipate hii naona vumbi na kulitangaza.

Kaka yako mkubwa, Dereva, yuko na lori lake bado. Hupita hapa, hula, hulala kitini akiwa na funguo mkononi, kisha huondoka. Mdogo wake, mwalimu, amehamishiwa shule nyingine, ya mbali kidogo, na mkewe amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya kengele. Mimi na kustaafu kwangu tunazoeana. Bado nachonga penseli kila asubuhi kana kwamba kuna shamba la kwenda kupima.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mkazamjomba wako miguu imemvimba tangu mwisho wa mwaka. Tulidhani ni kusimama jikoni. Daktari amesema ni moyo, umechoka, na dawa zitausaidia kwa muda. Nilimuuliza ni muda gani, akainamia karatasi zake. Anatembea kutoka kitandani hadi dirishani, anapumzika, anarudi.

Juzi aliniita akasema, "Mwandikie Kijiti aje."

Nikamwambia, "Nitamuuliza."

"Sikusema umuulize. Nimesema aje."

Unanijua, mwanangu. Wewe ni mtu mzima, una kazi na wakubwa wa kazi, na siwezi kukuvuta kamba kutoka huku. Babu yako, baba yetu sisi na marehemu mama yako, alitulea kwamba mtu huulizwa mara moja, kwa uwazi, na jibu lake likaheshimiwa. Nilipokuwa mdogo nilimkaribisha mgeni kiti mara tatu. Mgeni alipoondoka, baba akaniita nyuma ya nyumba. "Amekwambia amesimama vizuri. Kwa nini unamwita mwongo ndani ya nyumba yangu?" Hakunipiga. Aliniacha pale nifikirie, na nilifikiri mpaka leo. Nyumba yangu nimeiendesha hivyo hivyo, na naamini watu wanapumua vizuri mahali ambapo hawasukumwi.

Kwa hiyo nakuuliza: je, ungependa kuja kutuona, mwezi wa nne au mwanzo wa mwezi wa tano? Chumba chako kipo. Nimekijaza ramani zangu za zamani lakini ramani huhama. Ukiweza, tuandikie. Usipoweza, tutaelewa.

Mkazamjomba wako anakusalimu sana.

Mjomba wako


15 Machi 1986

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mkazamjomba naye mpelekee shikamoo yangu mpaka kitandani. Barua yako ilikaa posta kwa sababu walibadilisha namba za masanduku bila kumwambia mtu, ndiyo maana jibu limechelewa. Hongera kwa mjukuu. Kama ana sauti ya kengele basi amemfuata Dereva, yule hata akinong'ona majirani walikuwa wanajibu.

Mimi mzima. Duka limehamia jengo jipya, ghorofa ya kwanza, juu ya wauza vyombo, kwa hiyo napima macho ya watu huku sufuria zinaanguka chini. Chumba changu ni kidogo, hakina dirisha, kina kiti, kioo, na ubao wa herufi ukutani. Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja fundi viatu, amevaa koti lake la heshima. Nikamkalisha nikamuuliza, "Mzee, herufi za chini unaziona?"

"Naziona."

"Zote?"

"Mwanangu, nimeshakwambia naziona, tena vizuri sana."

Nikamwambia, "Mzee wangu, taa ya ubao bado sijaiwasha. Unautazama mlango."

Akacheka mpaka akavua koti. Ndivyo walivyo, mjomba. Jibu la kwanza ni la adabu tu, hawataki kukuangusha. La pili au la tatu ndilo la macho. Ndiyo maana sisi tunauliza na kuuliza: hii au ile, ya kwanza au ya pili, tena, hebu tena.

Habari ya mkazamjomba imenikata miguu. Yeye kukaa kitandani mchana sijawahi kuona, hata alipougua malaria alikuwa anatoa amri akiwa amejifunika shuka. Tafadhali niandikie daktari anasema nini, usinifiche.

Kuhusu kuja, mjomba, nawashukuru kwa kunikumbuka. Ila nisingependa kuwasumbua. Nyumba yenye mgonjwa haihitaji mtu wa kutandikiwa kitanda, na wewe uanze kuhamisha ramani kwa ajili yangu. Mna mengi. Nisiwe mzigo.

Msimamizi wangu anasema kazi itakuwa ndogo mpaka katikati ya mwezi wa tano, na likizo yangu ya mwaka sijaipangia kitu. Basi ndiyo habari za huku.

Mpelekee mkazamjomba leso hizi mbili. Yenye ua ni ya kufutia uso, nyeupe aiweke tu, najua ataiweka.

Wako Kijiti


6 Aprili 1986

Mpwa wangu Kijiti,

Marahaba, na asante kwa leso. Nyeupe ameiweka chini ya mto, kama ulivyosema. Ile hadithi ya fundi viatu nilimsomea mara mbili. Alicheka, akakohoa, akaniambia niisome tena.

Daktari tulimwona Jumatatu. Ameongeza kidonge kimoja cha asubuhi, chumvi amekataza kabisa. Usingizi anaupata akiwa ameegemea mito mitatu. Mama Mapacha, jirani yetu wa ukuta wa pili, anakuja kunisaidia kupika. Ni mwanamke mwema ingawa kila kitu anakiuliza mara kumi. "Mzee, umekula? Kweli umekula? Umekula nini?" Kwa mtu aliyelelewa kama mimi ni kama kuishi na mpelelezi.

Jibu lako tumelipokea na nimelielewa. Hutapata lawama kutoka kwangu. Kazi ni kazi, na si vema mtu aje kwa kulazimishwa, akae akiitazama saa.

Sitakuficha kwamba hapa nyumbani tulitofautiana kidogo. Nilipomaliza kumsomea ile sehemu ya kutotusumbua, mkazamjomba wako alisema, "Haya, mwandikie tena."

Nikasema, "Amekwisha kujibu."

"Huyo hajajibu. Ameanza tu."

Nikamweleza, taratibu, kuwa kukuuliza upya ni kukuonyesha kuwa jibu lako halikuwa na uzito, na kwamba mtu wa makamo yako anayepima macho ya wazee haendeshwi kama mtoto wa shule. Alinisikiliza mpaka mwisho. Unajua hakuna anayenisikiliza mpaka mwisho isipokuwa yeye. Halafu akasema, "Wewe mwanamume, kila mpaka ulikuwa unaupima kwenda na kurudi. Kwenda na kurudi! Watu je?" Nikamwambia watu si mashamba. Akageukia ukutani, nikadhani amelala.

Ameniagiza pia nikuambie neno moja la jikoni, lakini nimeliacha. Halina maana katika barua, na nadhani ni uchovu.

Fanya kazi zako kwa amani. Nafasi ikipatikana mwaka ujao, nyumba ipo.

Mjomba wako


2 Mei 1986

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako nimeipata. Nashukuru kwa kunielewa haraka.

Sisi huku wazima. Likizo yangu nimemwachia mwenzangu ambaye ana harusi ya mdogo wake. Mimi nitakuwa dukani mwezi mzima.

Namwombea mkazamjomba nafuu. Naambatisha dawa ya kupaka miguu, haitibu ila inapooza.

Lile neno la jikoni ni lipi?

Mpwa wako


24 Mei 1986

Mpwa wangu,

Kaa kwanza kabla hujaendelea kusoma.

Mkazamjomba wako ametutoka. Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na nne, mchana. Alikuwa amekunywa chai nusu kikombe, akaniomba nifungue dirisha. Nilipogeuka kutoka dirishani kikombe kilikuwa kimelala juu ya shuka, na yeye vilevile. Tulimzika kesho yake. Dereva alifika akiwa na lori lenye mzigo wa wateja, akaliegesha nje ya makaburi. Mdogo wake alifika usiku wake na akanilaumu kuwa hatukumngoja. Mama Mapacha na wanawake wa mtaa walifanya yote yanayofanywa. Mimi nilikaa kitini nikashikwa mikono na watu.

Nimechelewa kukuandikia. Mara mbili niliandika tarehe nikaishia hapo.

Utajiuliza kwa nini sikukupelekea telegramu. Dereva pia ameniuliza, kwa sauti yake ile. Nilimjibu hivi: ulikwisha kusema usingeweza kuja, na telegramu ya msiba ni amri, huacha mtu hana njia ya kukataa. Nilidhani nakuheshimu. Hata pale makaburini nilidhani hivyo. Nilipoileta hoja hiyo hiyo nyumbani, nikaisema peke yangu sebuleni, haikusikika vizuri.

Barua yako ya tarehe mbili imefika juzi pamoja na dawa ya miguu. Nimeiweka juu ya kabati.

Umeuliza neno la jikoni. Alisema, "Mwambie sahani ipo." Nikamuuliza sahani gani, akasema wewe unajua. Alirudia siku za mwisho, "Umemwambia sahani ipo?" nami nikamwambia ndiyo ili apumzike. Sikuwa nimekuambia. Sasa nimekuambia.

Mjomba wako


19 Juni 1986

Mjomba,

Shikamoo. Pole. Nakupa pole wewe kabla sijajipa mimi, kwa kuwa wewe ndiye unayeamka katika nyumba hiyo.

Barua yako niliisoma kwenye ngazi za posta. Sikuwa nimekaa. Nilikaa baadaye, na mlinzi akaniletea maji.

Hii ni barua ya nne naiandika, tatu nimechana. Ya kwanza ilikuwa na matusi. Hii haina, lakini ina ukweli, unisamehe.

Kabla ya kuja kwenu nililelewa na bibi mzaa baba. Hukuwahi kuniuliza tuliishije, nami sikuwahi kusimulia. Kwa bibi, ukikaribishwa chakula unasema "nimeshiba." Unakaribishwa tena, unasema, "labda kidogo tu." Ya tatu ndipo unanawa. Mtoto anayenawa mara ya kwanza anaitwa mroho, na mama yake anatajwa pamoja naye. Mama yangu alikuwa amekwisha kufa. Kumtajisha kwa sababu ya tumbo langu nisingethubutu. Na mwenye nyumba naye ana wajibu wake: akikubali "nimeshiba" yako ya kwanza, amekuambia hakutaki, ila hana ujasiri wa kusema.

Nilifika kwenu na sanduku langu la bati baada ya siku nzima njiani. Mlikuwa mezani. Ukaniuliza, "Utakula?" Nikasema, "Nimeshiba, mjomba." Ukasema, "Haya," ukaendelea kuwaeleza kaka zangu habari za mteremko wa maji. Nilisimama pale nikingoja. Nilisikia wakigombea ukoko. Ukanitazama, ukatabasamu, ukasema ningeweza kwenda kulala kama nimechoka.

Kesho yake ikawa hivyo, na keshokutwa. Mtoto akishasema nimeshiba wiki nzima, siku ya nane ataanzaje kusema ana njaa? Nikawa mtoto asiyekula usiku. Ikawa sifa. Ulikuwa unawaambia wageni, "Huyu hali usiku, ndiyo maana ana akili." Ukanipa jina Kijiti, na nikalipenda, kwa kuwa lilikuwa jina lililotoka kwako.

Yeye alijua kabla wiki haijaisha. Hakuniuliza kitu. Ulipokuwa sebuleni na ramani zako, aliniita jikoni nikaushe vyombo, na kwenye rafu, nyuma ya chungu cha maji, palikuwa na sahani imefunikwa kwa bakuli. Akasema, "Sahani ipo," akatoka nje kuanua nguo. Nguo zenyewe alikuwa ameshazianua mchana. Miaka minne, mjomba. Hakunikaribisha hata siku moja, kwa hiyo sikuwa na cha kukataa. Niliwahi kumwomba asikwambie. Akasema, "Nimwambie? Atatuita wote sebuleni atueleze." Tulicheka mpaka ukauliza kuna nini huko.

Sasa unajua alikuwa ananiambia nini. Niliisoma pale posta, "sahani ipo," na aliyeiandaa amezikwa mwezi uliopita.

Barua yako ya Februari ilipofika nililia kwa furaha. Siku hiyo hiyo niliomba ruhusa kazini. Nilinunua viatu vya safari. Halafu nikakaa nikaandika, "nisingependa kuwasumbua." Nikakuwekea na mlango wazi: likizo sijaipangia kitu. Nikangoja useme, "Acha upuuzi, njoo." Begi lilikuwa chini ya kitanda. Ilipokuja "nimelielewa," nilirudi kuwa yule mtoto na sanduku la bati.

Na hapa ndipo hasira yangu inapoishiwa nguvu. Niliijua kanuni yako. Niliishi ndani yake miaka minne, na uliniandikia wazi kabisa, pamoja na habari za babu. Yule mgeni wa kiti alikuwa mbele ya macho yangu kwenye karatasi. Ningeandika neno moja, "nakuja," ningemkuta akiwa hai. Lakini nilitaka safari hii mnitake kwa namna ya bibi yangu. Mimi, ambaye kutwa nzima namwambia mtu "hebu tena," nilimnyima mkazamjomba jibu la pili kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Sijui nani kati yetu amekosa zaidi. Nimejaribu kupima, kosa linakataa kupimika.

Mpwa wako


14 Julai 1986

Mwanangu,

Marahaba.

Nilipomaliza kusoma nilikwenda jikoni. Rafu ipo, chungu cha maji kipo. Nyuma ya chungu pana mstari ukutani, mahali rangi imekwaruzwa na ukingo wa sahani. Nimeishi katika nyumba hii maisha yangu yote ya ndoa na sikuwahi kuuona. Na nilikuwa nimevaa miwani yako.

Nina jambo la kukuambia, nalo ni gumu kuliandika bila kuona aibu. Ile sahani niliwahi kuiona. Mwaka wako wa kwanza kwetu niliingia jikoni kutafuta kiberiti, nikaona sahani imefunikwa. Nikamuuliza mkazamjomba wako, "Hii ya nani?" Akasema, "Ya paka."

Nikasema haya, nikachukua kiberiti.

Hatukuwa na paka, Kijiti. Hatukuwahi kuwa naye. Nilichukulia ni wa jirani, na mara moja moja nililalamika mezani, mbele yako, kuwa paka gani huyu analishwa wali na nyama kuliko wenye nyumba. Sasa namwona mkazamjomba wako anavyoinamia sahani yake, mabega yanatikisika. Nilidhani anasongwa na mchuzi. Miaka minne nimemlisha paka nisiyemwona, na sikuuliza mara ya pili kwa sababu nilikwisha kujibiwa.

Umesema angeniambia ningewaita wote sebuleni. Ni kweli ningewaita. Na hata sasa nafanya hivyo hivyo, kwa kuwa kueleza ndiyo njia pekee ninayoijua ya kushika kitu kinachouma. Nivumilie.

Katika kazi yangu niliona magomvi mengi ya mipaka. Watu walidhani mmoja wao ni mwizi. Mara nyingi hapakuwa na mwizi. Huyu shamba lake lilipimwa kuanzia jiwe moja, yule kuanzia jiwe lingine, na kila ramani, ukiitazama peke yake, ilikuwa safi. Tatizo lilikuwa pale zinapokutana. Nilikuwa nawaambia, "Hakuna aliyekosea, ila mmoja wenu atavunja ukuta." Nilijiona mwenye busara. Nilikwenda nyumbani nikaketi mezani na mtoto aliyepimwa kutoka jiwe lingine, nikamwambia haya, nenda ukalale.

Hakuna askari aliyesimama pale mezani, mwanangu. Hakuna aliyenikataza kusema, "Hebu kaa ule." Maneno yenyewe ni mepesi. Nilichoogopa ni baba yangu nyuma ya nyumba, na yeye alikuwa amekufa zamani. Nawe ulimwogopa bibi yako, naye yuko mbali. Wazee wawili wasiojuana, hawapo hata chumbani, wakaketi kati yetu wakatuzuia, na kila mmoja wetu akadhani ni tabia njema. Labda ni tabia njema. Sitaki kumtukana baba. Nyumbani kwetu watu walipumua. Lakini alinifundisha jinsi ya kumheshimu mtu aliyelelewa na yeye, nami nikadhani amenifundisha kuwaheshimu watu wote.

Usijilaumu kuhusu lile neno moja. Wewe ulikuwa mgeni na mimi mwenyeji, na mwenyeji ndiye mwenye mlango. Yeye aliniambia wazi: huyo hajajibu, ameanza tu. Nilikuwa na mkalimani kitandani, mito mitatu chini ya kichwa chake, ananitafsiria mpwa wangu, na mimi nikamweleza yeye.

Kaburi limeota majani. Nataka twende pamoja. Njoo.

Mjomba wako


11 Agosti 1986

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimeisha, Dereva aliniandikia mistari miwili, herufi kubwa kama anavyozungumza, akasema unakohoa na hutaki kuambiwa.

Nimesoma habari ya paka nikiwa kazini, kati ya mteja na mteja. Nilicheka, halafu haikuwa kicheko tena, ikabidi nizime taa ya chumba nikae gizani na ubao wa herufi. Mteja akagonga, "Dada, niingie?" Nikasema bado. Akagonga tena.

Kuhusu kuja, nisingependa kukusumbua. Unaishi peke yako, unajipikia, una kikohozi.

Nimeusoma mstari huo sasa hivi na nimeuona. Mkono umeuandika wenyewe. Ningeweza kuufuta. Nimeuacha, mjomba, si kwa kukupima. Nimeuacha ili uone unavyofanana.

Kijiti


2 Septemba 1986

Kijiti,

Barua yako imefika asubuhi na najibu kabla chai haijapoa.

Hili ni la pili: njoo. La tatu nitaliandika hapa hapa, kwa kuwa posta zetu unazijua: acha upuuzi, njoo. Kikohozi kipo. Nisumbue.

Ramani nimezihamisha zote. Nyingine nimempa Mama Mapacha afunikie madaftari ya watoto, nao sasa wanakwenda shule na mashamba ya watu kwapani. Kitanda chako nimekitandika, vibaya, utakitandika upya.

Jana nilipika mwenyewe. Viazi viliungua upande mmoja. Nilipakua sahani mbili, yangu nikala. Ya pili nikaifunika kwa bakuli nikaiweka kwenye rafu, nyuma ya chungu, pale palipokwaruzwa. Ukingo umekaa mahali pake sawasawa. Leo nitaweka nyingine, na kesho. Najua safari ni ndefu na chakula kitachacha. Sijali.

Mama Mapacha aliingia kuazima ungo, akaiona.

"Mzee, hii ya nani?"

Nikamwambia ya paka.

Akatazama chini ya meza, akatazama nyuma ya mlango. Halafu akanitazama mimi, mpelelezi yule, akauliza tena.

Nikamwambia ukweli.

Mjomba wako